Trysil au Åre? Chagua theluji kwa kuwaangalia unaosafiri nao

Kabla hujauliza mlima upi ni mzuri zaidi, hesabu kwanza watu wako. Wangapi watavaa skii kweli, na wangapi watabaki chini wakisubiri wenzao warudi? Familia zetu zinazoishi Ulaya husafiri kwa wingi: yupo mama mzazi aliyekuja kutembea kutoka Tanga au Mombasa, yupo shangazi ambaye goti linamsumbua, yupo mtoto mchanga, na hakosi shemeji aliyekwisha kusema hapandi kitu kinachoteleza. Wanorwe na Waswidi wengi walivishwa skii wakiwa wadogo mno, na likizo zao huzipanga wakijua kwamba nyumba nzima itapanda mlimani. Ushauri wao ni mzuri, ila umepimwa kwa miguu yao.

Nalinganisha Trysil ya Norwe na Åre ya Uswidi kwa sababu moja. Zote mbili zinaendeshwa na kampuni ileile, SkiStar, kwa hiyo mengi yanayowachanganya wageni hayana haja ya kulinganishwa: mfumo wa pasi za lifti (mitambo inayokupandisha mlimani), ukodishaji wa vifaa, shule ya skii, hata Valle, yule mtu wa theluji anayewachezesha watoto, utawakuta kote kuwili. Kinachobaki ni mlima, kijiji na safari yenyewe, na hapo ndipo tofauti zilipo.

Milima miwili

Trysilfjellet una urefu wa mita 1,132 na ndicho kituo kikubwa kuliko vyote vya skii nchini Norwe. Ni mlima wa mviringo wenye msitu sehemu za chini, na njia za kuteleza zinashuka pande tatu. Chini kuna viwanja vipana vyenye mteremko wa taratibu. Upepo ukivuma upande mmoja, unaweza kuhamia upande mwingine bila kuvua skii.

Åreskutan ni mkubwa zaidi, mita 1,420. Kijiji kiko chini kabisa, kando ya ziwa, kwenye mita 380 hivi, na lifti za juu zinafika mita 1,274. Anayejua kuteleza anaweza kushuka karibu mita 900 kwa mwendo mmoja, jambo ambalo ni nadra katika nchi hizi mbili. Mashindano ya dunia ya skii za milimani yamefanyika hapa mara tatu: 1954, 2007 na 2019. Kama katika kundi lenu yupo kijana anayeteleza tangu shule ya msingi, Trysil atafurahia siku mbili tatu kisha ataanza kuuliza kuna nini kingine. Åre hataimaliza.

Lakini udhaifu wa Åre ni upepo. Juu ya mstari wa miti hakuna kinga, na pepo za magharibi hutoka Atlantiki zikapita Trondheim zikaja kupiga hapo moja kwa moja. Siku za hivyo lifti za juu hufungwa, na gari la kebo linalopanda kutoka kijijini nalo husimama. Milima hii haina mchezo na hali ya hewa: mwanzoni mwa Januari 1719, jeshi la Uswidi la jenerali Armfeldt lililokuwa likirudi nyumbani kutoka Norwe lilikutwa na dhoruba mpakani, na askari wapatao 3,000 waliganda wakafa kabla ya kufika Duved, kijiji ambacho leo ni sehemu ya kituo cha Åre. Nasema haya kwa sababu ya wale wanaotoka nje ya njia zilizopangwa ili kutafuta theluji mpya. Kama hujui kusoma dalili za maporomoko ya theluji na huna mwongozaji wa huko, usivuke kamba inayoonyesha mwisho wa njia. Tangazo la hatari likitoka, hata wenyeji hawavuki.

Trysil iko ndani ya bara, kwa hiyo baridi yake huwa kavu na tulivu zaidi. Ila ikikaza, hukaza kweli: nyuzi 20 chini ya sifuri asubuhi ya Januari si habari ya gazeti. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa nje saa mbili mfululizo katika baridi hiyo, hata umvalishe vipi.

Siku ya kwanza ya asiyejua

Kwa wanaoanza, naipa Trysil ushindi, na si kwa tofauti ndogo. Sababu si mteremko peke yake, kwani Åre nayo ina viwanja vizuri vya wanafunzi, hasa Björnen na Rödkullen. Sababu ni kwamba Trysil mwanafunzi anapohitimu kiwanja cha kwanza anakuta njia nyingine pana ya kijani, kisha nyingine, akazunguka mlima taratibu bila kujikuta ghafla ukingoni mwa mahali panapomtisha. Njia hupangwa kwa rangi: kijani ndiyo rahisi kuliko zote, kisha buluu, nyekundu, na mwisho nyeusi. Ukiwa mgeni kabisa, kaa kwenye kijani mpaka uchoke nayo, ndipo ujaribu buluu.

Jambo linalowaangusha watu wetu siku ya kwanza si kuteleza, ni lifti. Kwanza utapanda zulia linalotembea, ambalo halina shida: unasimama, linakupandisha. Baadaye utakutana na lifti ya kuvuta yenye chuma cha umbo la nanga. Ukiiona inakuja nyuma ya makalio, mwili wote utakuambia ukae. Usikae. Chuma hicho hakikubebi, kinakusukuma. Simama wima, magoti yalegee kidogo, skii zielekee mbele sambamba, mkono mmoja ushike nguzo yake, uache ikuvute. Anayekaa huenda chini papo hapo, na watu kumi nyuma yake wanasimamishwa. Ukianguka katikati ya njia, achia chuma na ujiburute pembeni haraka ili anayefuata asikugonge. Mwambie mwalimu akufundishe lifti hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na hutapoteza asubuhi nzima ukiwa mezani mwa mgahawa umevunjika moyo.

Chukua mwalimu. Siku moja ya pasi ya lifti kwa mtu mzima, Trysil au Åre, inazidi kroner 500, bila vifaa. Mtu anayelipa kiasi hicho halafu akakataa masomo ya saa moja na nusu anatupa pesa, kwa kuwa atashinda akianguka mahali pamoja. Watoto wadogo kabisa hupanda lifti bure wakiwa wamevaa helmeti. Wenye nywele za kusuka wazingatie hilo: rasta nene au kilemba juu ya kichwa havikai ndani ya helmeti. Suka mistari ya kulala wiki moja kabla.

Wasioteleza

Hapa mizani inageuka, na inageuka kabisa.

Trysil ni mlima wenye nyumba. Makazi ya wageni yamejengwa palepale kwenye njia, unafungua mlango unavaa skii. Kwa wanaoteleza ni raha isiyo kifani. Kwa mama anayebaki ndani, ni dirisha lenye theluji na runinga ya Kinorwe. Katikati ya mji, panapoitwa Innbygda, ni kilomita kadhaa kutoka kwenye lifti, na kwa mtu mzima asiyezoea barafu hizo si kilomita za kutembea kwa miguu. Ipo hoteli ya Radisson Blu pale Turistsenteret, chini ya mlima, yenye mabwawa ya ndani, na inasaidia sana siku ya baridi kali. Zipo sleji za watoto. Lakini ukishataja hayo, orodha inakuwa imekaribia mwisho.

Åre ni kijiji chenye mlima. Kilianza kupokea wageni reli ilipofunguliwa mwaka 1882, wakati watu walikuja kuvuta hewa safi tu, kabla ya hizi skii za kushuka kuwa mchezo wa likizo. Treni ndogo ya kupandisha watu kilimani kwa kamba ilianza 1910 na bado ipo. Kanisa la mawe la karne ya 12 liko umbali wa kutembea. Kuna uwanja mdogo wa katikati wenye migahawa na maduka. Björnänge, nje kidogo ya kijiji, kuna kiwanda cha chokoleti ambako watoto hawataki kutoka. Maporomoko ya Tännforsen, mita 38, yako kama kilomita 20 magharibi, na katikati ya majira ya baridi maji yake hujenga kuta za barafu. Wafugaji Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, wamekuwa na kulungu wao wa nchi za baridi (reindeer) katika milima hii ya jimbo la Jämtland kwa karne nyingi, na zipo safari za kwenda kuwaona.

Zaidi ya yote, gari la kebo lililojengwa 1976 hupandisha hata asiyeteleza. Shangazi mwenye goti anaweza kuingia akiwa na koti lake na viatu vya kawaida vya baridi, akafika mita 1,274 na kuona milima mpaka upande wa Norwe, akapiga picha ya kuwatumia ndugu, akashuka. Kwangu mimi hicho kitu kimoja kinatosha kuipa Åre alama kwa familia yenye wazee, kwa sababu wazee wetu hawakusafiri umbali wote huo ili walinde mabegi.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaifikirii: skii za tambarare, za kutembea msituni. Vifaa vyake ni vyepesi, kukodi ni nafuu, na pasi ya lifti haihitajiki. Wanorwe wanaupenda mchezo huu kuliko huo wa kushuka. Trysil ina klabu ya skii iliyoanzishwa 1861, miongoni mwa za zamani kabisa duniani. Wakenya wanaufahamu kupitia Philip Boit, aliyekimbia kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa mwisho, huku bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe akimsubiri mstarini ili amkumbatie. Shemeji aliyekataa kushuka mlima anaweza kukubali kutembea nao.

Kufika

Usipokuwa na gari, Åre inashinda bila ubishi. Treni ya usiku kutoka Stockholm inakushusha kijijini asubuhi, stesheni iko hatua chache kutoka kwenye migahawa na lifti. Msimu wa baridi kuna treni ya usiku hata kutoka Malmö. Kwa gari kutoka Stockholm ni kama kilomita 650, na sikushauri uziendeshe kwa siku moja ukiwa na watoto. Kwa ndege, unashuka Östersund kisha unapanda basi.

Trysil haina reli. Kutoka Oslo ni kilomita 210 hivi kupitia Elverum, saa tatu kasoro kukiwa shwari, na kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka Oslo na uwanja wa Gardermoen. Wanaotoka Denmark wengi huendesha gari hadi huko. Tangu Desemba 2019 upo pia uwanja mdogo wa ndege, Scandinavian Mountains, upande wa Uswidi karibu na mpaka, takriban dakika 40 kutoka Trysil, lakini ndege zake ni za msimu, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujalipia nyumba. Ukikodi gari, hakikisha lina matairi ya baridi: Uswidi sheria inayadai kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 barabara ikiwa na theluji au barafu. Na usiendeshe kwa kasi jioni kwenye misitu ya Trysil. Elg, mnyama mrefu kuliko farasi, huvuka barabara bila taarifa, na ukimgonga miguu, mwili wake unakuja kwenye kioo.

Anayetoka Dar, Nairobi, Zanzibar au Kampala anahitaji viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Norwe haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha nchi zote mbili. Omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Bima ya kuanzia euro 30,000 ni ya lazima, na hapo uwe makini: bima nyingi za bei nafuu hazifidii ajali ya skii. Soma karatasi yenyewe, usimsikilize wakala tu. Mnaoishi Uswidi au Norwe kwa kibali, bebeni pasi ya kusafiria na kadi ya ukaazi hata kama mpaka unaonekana wazi.

Nyumba na jiko

Bei za chakula zinaelezeka kwa jambo moja: Wanorwe huvuka mpaka kwenda Uswidi kununua nyama na vinywaji. Mgahawani Trysil familia ya watu sita italia. Kwa hiyo Trysil ni ya kupika mwenyewe, na nyumba zake zimejengwa kwa ajili hiyo. Nunua unga, maharage, nyama ya halali na viungo kabla ya kutoka mjini. Oslo, mtaa wa Grønland una kila kitu. Kule mlimani duka litakuwa na samaki, viazi na mkate, na nyama ya halali usiitegemee. Åre nako kupika ni nafuu, lakini angalau kuna pa kula nje mara moja moja bila kujuta wiki nzima.

Kote kuwili, soma mkataba wa nyumba kwa makini. Bei unayoiona mara nyingi haina mashuka, taulo wala usafi wa mwisho. Utabeba mashuka yako au utayakodi, na siku ya kuondoka utasafisha mpaka ndani ya jokofu au utalipia mtu. Wageni wengi hushtuka wakikuta godoro tupu usiku wa manane. Ukichagua kati ya nyumba mbili za bei moja, chukua ile yenye kabati la kukaushia nguo. Glavu za watoto zikilowa jioni na zisikauke, asubuhi hakuna aendaye popote.

Na ukiwa Åre na watoto au wazee, usikodi katikati ya kijiji. Alasiri muziki wa baa huanza, na huendelea. Björnen ni kimya na kumeunganishwa na mlima mkuu kwa lifti na njia za skii. Duved nako ni kimya na bei hupungua, ila kutoka huko hadi Åre unategemea basi.

Wiki gani

Hili linaathiri mfuko wako kuliko uchaguzi wa nchi. Shule za Uswidi hufunga kwa zamu kati ya wiki ya 7 na ya 10 ya mwaka. Göteborg wiki ya 7, Stockholm wiki ya 9. Oslo ni wiki ya 8. Wadenmark wengi hufunga wiki ya 7 na huijaza Trysil. Pasaka hujaza kote. Epuka hizo kama ratiba ya shule inaruhusu.

Desemba siishauri kwa wageni wa mara ya kwanza. Mwishoni mwa mwezi huo, jua la Åre linachomoza ikikaribia saa nne asubuhi na kuzama kabla ya saa nane na nusu mchana. Trysil, iliyo kusini zaidi, unapata karibu saa moja ya ziada. Njia kadhaa huwashwa taa jioni, lakini mtu anayejifunza anahitaji kuona ardhi. Waislamu nao watakuta adhuhuri, alasiri na magharibi zimebanana ndani ya saa tatu hivi, na kuvua buti za skii kila mara si kazi ndogo. Januari baada ya mwaka mpya bei hushuka, ila ndiyo baridi kali zaidi.

Machi ndiyo chaguo langu. Theluji bado imejaa, mchana na usiku vinakaribia kulingana, jua lina joto la kutosha kula chakula cha mchana nje. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari na kumalizika karibu tarehe 9 Machi, na Pasaka ni tarehe 28 Machi. Katikati ya hapo kuna wiki ya 11, kuanzia tarehe 15, baada ya Idi, kabla ya Pasaka, na nje ya zile zamu za shule. Familia yenye bibi, vijana wanaojua na wadogo wasiojua, ikiniuliza, nitaiambia iikodi hiyo, Åre, nyumba ya Björnen, wafike kwa treni ya usiku. Familia changa ambayo wote wanaanza, yenye gari na sufuria zake, iende Trysil wiki hiyohiyo.